Bingwa wa benchi, na sisi wenye "damu ya bahari"

Juzi barazani Kibokoni, baada ya Isha, kahawa yapita na kaimati zimebaki mbili tatu kwenye sahani, jamaa mmoja akaitoa ile kauli ambayo nimeisikia tangu niko chuoni: ati sisi watu wa Mombasa tukipewa zile mashua za mashindano za wazungu hakuna atakayetugusa, kwa sababu bahari tunayo kwenye damu. Wote wakaitikia, eee, kweli kabisa, hata yule wa Bondeni ambaye akivuka feri ya Likoni hushika chuma mpaka ng'ambo ya pili, naye aliitikia. Mimi nikaguna. Sikusema kitu, niliguna tu, na wajua barazani kuguna ni sawa na kutukana, ikawa kazi, haya we msomi tueleze waguna nini. Nikawaeleza nusu, mvua ikatutawanya. Nusu ya pili ndo hii, na wale jamaa najua watasoma kwa hivo wajue sijarudi nyuma.

Nlichotaka kuwaambia ni habari ya mtu mmoja wa Denmark, Paul Elvstrøm. Wengi hamumjui na si makosa yenu, kwetu michezo ni mpira na riadha, bahari ni ya samaki na meli za makontena. Huyu alizaliwa tarehe 25 Februari 1928, Hellerup, kaskazini kidogo ya Copenhagen, mahali ukifungua dirisha waona maji, akafariki Disemba 2016 na miaka yake 88. Alichukua dhahabu ya Olimpiki mara nne mfululizo, 1948, 1952, 1956 na 1960, zote kwenye mashua ya mtu mmoja, yani yeye na tanga lake na Mungu wake. Kabla yake hakuna mwanamichezo wa mchezo wowote, si mbio si kuogelea, aliyewahi kushinda dhahabu ya mtu binafsi Olimpiki nne zinazofuatana. Al Oerter wa Marekani, wa kurusha kisahani, alimfikia 1968. Carl Lewis na miruko yake yote alifika hapo 1996. Mtu wa tanga alikuwa ashatangulia.

Hizi mashua zenyewe wenye mchezo huziita dingi, na tafadhali wale mliozoea lugha ya Bongo msinicheke, dingi hapa si mzee wako nyumbani. Ni kijimashua cha mita nne hivi, watu wawili wakibeba, hakina injini, hakina kibanda, na badala ya mkuku mzito kina ubao tu katikati ambao waushusha ukishafika kwenye kina na kuupandisha ukirudi ufuoni. Farumi hakina. Hapo ndo penye mambo. Jahazi la wazee wetu likitiwa mawe ama mchanga chini lisipinduke, lakini dingi farumi yake ni wewe mwenyewe. Upepo ukikaza wajitoa nje upande wa joshi, yani upepo unakotoka, makalio ukingoni, nyayo umezinasa kwenye ukanda ulio ndani, mgongo uko juu ya maji, mapaja na tumbo yaungua, mkono mmoja una demani, kamba ya kuvutia tanga, wa pili una kana, mti wa usukani, na macho yatafuta upepo ujao. Ukichoka ukarudi ndani chombo chalala, tanga lamwaga upepo, wenzako wapita. Ukitoa hadithi zote, mbio za dingi kwenye kupiga bisha, yani kwenda kinyume cha upepo, ni swali la nani atakaa nje muda mrefu kuliko mwenziwe.

Na hapo jamaa zangu wa barazani wana pointi, siwanyimi. Nani hajaona mashua za Lamu siku ya mashindano, vijana wamepanda ule ubao unaotokezwa nje, watatu wanne, chombo kikilala wasogea nje zaidi, upepo ukilegea warudi ndani mbio kama kaa. Ni kazi ile ile. Mtoto wa Shela aijua kabla hajajua kusoma. Kwa hivo mtu akisema sisi si wageni wa mambo haya asema kweli, shida yangu ni hatua inayofuata, pale anaporuka kutoka "twaijua" mpaka "tungeshinda".

Kwa sababu Elvstrøm aliona kitu ambacho wenziwe hawakukiona, na wenziwe walikuwa mabaharia wazuri. Enzi zile mbio za mashua Ulaya zilikuwa mchezo wa mabwana, mtu afanya kazi yake wiki nzima, Jumamosi atweka tanga, akishindwa asema upepo ulikuwa mbaya, jioni wanywa. Mazoezi ya mwili yalikuwa ya mabondia na wakimbiaji. Yeye akajitengenezea benchi nyumbani, lina ukanda wa kunasa miguu, akawa akaa pale amejilaza nje kama yuko baharini, na maji hakuna na upepo hakuna na wa kumtazama hakuna, ni mapaja yake na ukaidi wake tu. Alafu akiingia majini kwenye baridi ambayo wenziwe washapandisha mashua zao nchi kavu wangoja jua. Watu walimwona kama ana wazimu. Leo hii kila timu ya maana ya dingi ina benchi kama lile na hakuna anayecheka.

Angalia ilivoanza. 1948, Olimpiki ya London, lakini mbio za mashua zilipelekwa Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza. Mvulana wa miaka 20, mwenye haya nyingi. Mashua ilikuwa Firefly, ambayo kwa kawaida ni ya watu wawili lakini pale kila mtu aliiendesha peke yake. Mbio ya kwanza Elvstrøm hakumaliza, mwenziwe alimpigia kelele, yeye akadhani ndiye mwenye makosa, akajitoa. Mbio zilikuwa 7 na ile mbaya zaidi waitupa, kwa hivo ile ya kutupa alishaitumia siku ya kwanza, kilichobaki chote kilihesabiwa.

Sasa hesabu ya pointi wakati ule ilitumia logarithimu, msikimbie, ntaeleza kwa lugha ya Marikiti. Tofauti ya wa kwanza na wa pili ilikuwa pointi 301. Tofauti ya wa 10 na wa 11 ilikuwa 41 tu. Yani mfumo ulimlipa vizuri sana anayeshinda na haukumjali sana anayejikalia katikati ya kundi. Mtu mwenye haya angeweza kucheza salama, ya tano, ya sita, arudi kwao na hadithi. Elvstrøm alishinda mbio mbili za mwisho, akampita Mmarekani Ralph Evans, akachukua dhahabu. Hapa ndo mahali nampenda zaidi kwenye maisha yake yote, zaidi hata ya rekodi, kwa sababu utaona mtu ambaye nchi kavu hasemi neno lakini majini ajua hesabu yataka nini na mwili wake ushajiandaa kuilipa. (Siku hizi mfumo ni kinyume, wa kwanza pointi 1, wa pili 2, wa tatu 3, mwenye chache ndiye bingwa, na mfumo huu wampenda mtu asiyeharibu. Sijui kwa nini wachambuzi wengi wawalinganisha mabingwa wa enzi mbili bila kutaja jambo hili, ni kama kulinganisha wafungaji wa zamani na wa sasa bila kujua mechi ilikuwa dakika ngapi.)

Miaka minne baadaye, Helsinki, mashua ikabadilishwa, ikaja Finn, mita 4.5, nzito, yataka mtu mwenye kifua. Ilichorwa na Msweden anaitwa Rickard Sarby, na Sarby mwenyewe aliingia mbioni. Sasa sikiza. Aliyeichora mashua akapata shaba. Mwingereza Charles Currey akapata fedha kwa pointi 5,449. Elvstrøm alikuwa na 8,209. Ni kama fundi aliyekuchongea ngalawa aje ashindane nawe, ajua kila msumari uko wapi, alafu umwache mpaka huoni tanga lake. Na zile Finn hakuna aliyekuja na yake, zilitolewa na waandaaji, wote chombo sawa. Ile sababu yetu ya kwamba wazungu washinda kwa vyombo vya pesa nyingi, pale haikuwepo. Melbourne 1956 akashinda tena, Naples 1960 akashinda tena, sitaki kuzirudia moja moja kwa sababu ni hadithi ile ile, mtu yuko nje ya ukingo wakati wengine washarudi ndani.

Basi turudi kwa hii damu. Wadenmark nao ni watu wa bahari, nchi yao ni visiwa na rasi, ukisimama popote kule bahari haifiki hata kilomita 60. Babu zao walisafiri kwa matanga mpaka watu wakawaogopa. Kama damu ndiyo yashinda mbio, basi pale Hellerup kila nyumba ingekuwa na dhahabu nne ukutani. Ilikuwa moja. Yenye benchi.

Na kuna kipande cha Naples ambacho watu wetu hawakijui, mimi mwenyewe nilipokijua nilikaa kimya siku nzima. Kwenye Olimpiki ile ya 1960, ghuba ile ile ambayo Elvstrøm alikuwa achukua dhahabu yake ya nne, kulikuwa na mashua ya Kenya. Eee, Kenya. Ilikuwa ya daraja la Flying Dutchman (daraja ni aina ya mashua, kila aina na mbio zake), na nahodha wake aliitwa Anthony Bentley-Buckle, Mwingereza, mwanamaji wa zamani wa vita, aliyekuwa na biashara ya meli hapa hapa Mombasa. Hakushindana na Elvstrøm maana madaraja yalikuwa tofauti, lakini walitweka matanga kwenye upepo mmoja. Kwa hivo mtu wa Mombasa ashafika Olimpiki ya mashua, kitambo, kabla hata bendera yetu haijapandishwa. Ila hakuwa mmoja wetu. Na miaka ile pale Bandari ya Kale majahazi yalikuwa bado yaja na kaskazi kutoka Uarabuni na kurudi na kusi, manahodha wanaosoma nyota, na hakuna aliyewaza kumuuliza mmoja wao mtoto wako aweza kukaa kwenye Flying Dutchman.

Hiyo ndo habari ya geti, ule mlango tuliofungiwa nje. Silikatai geti. Nikiwa na miaka 13 mimi na binamu yangu tulikwenda kuchungulia vijimashua kwenye klabu moja, tumesimama tu nje, hatujagusa kitu, askari akatuuliza nyinyi ni wanachama, binamu yangu kwa ujinga akasema eee, akaulizwa jina la baba, tukakimbia. Twacheka mpaka leo lakini kile kicheko kina kitu ndani yake. Bei nayo si utani, Laser moja mpya ni pesa ya bodaboda kadhaa, na Laser ndiyo mashua rahisi kwenye mchezo huu, kilo 59 tu, tanga moja la mita za mraba 7 na kidogo, imetengenezwa zaidi ya 200,000 tangu miaka ya 1970 mwanzoni ili iwe mashua ya kila mtu. Kila mtu wa kwao.

Lakini naona tumelipenda geti kupita kiasi. Geti ni la kweli na pia ni raha, kwa sababu ukilaumu geti huhitaji kufanya kitu. Benchi halina geti. Benchi ni mbao mbili, misumari, na kipande cha tyubu ya baiskeli, na hakuna askari atakayekuuliza jina la baba yako. Na hatulitaki, kwa sababu benchi lauma na halina watu wa kukupigia makofi, na sisi kwetu mbio ni siku ya sherehe, Maulidi Lamu ama tamasha, ngoma yapigwa, chombo kinapambwa, nahodha abebwa juu. Nazipenda siku zile. Lakini ukimwuliza yule kijana aliyeshinda, umefanya mazoezi vipi, atakwambia mi navua, natoka kila siku. Kutoka kila siku si mazoezi. Mvuvi akiona upepo umezidi apunguza tanga arudi na samaki wake salama, na hiyo ndo akili, mvuvi aliyefanya kinyume hatunaye. Mkimbiza mashua yeye atafuta ule upepo uliozidi akae ndani yake. Ni watu wawili tofauti wanaofanana kwa mbali, na nadhani kosa la baraza letu lote liko hapo.

Tena kuna sheria. Pale barazani nilichukua zile kaimati zilizobaki nikazifanya mashua, kijiko kikawa boya, nikawaonyesha: huyu upepo wamwingia kulia, huyu wamwingia kushoto, wakikutana aliyeupokea kulia ana haki ya njia, wa kushoto akae kando. Wakikaribia boya pamoja, aliye ndani apewe nafasi ya kuzunguka. Kuanza kwenyewe ni dakika 5 za bendera kupanda na kushuka, na huruhusiwi kuvuka mstari hata kwa ncha ya omo, mbele ya chombo, kabla ya sekunde ya mwisho. Jamaa mmoja akala mashua ya upepo wa kushoto katikati ya maelezo. Nacheka lakini ni jambo zito, Elvstrøm mwenyewe aliliona, akatoa kitabu cha kueleza sheria za mbio ambacho kilikuja na vijimashua vya plastiki uvipange mezani, kikawa charekebishwa kila sheria zikibadilika. Bingwa wa dunia akaa mezani na vitu vya kuchezea. Wetu nani amekaa na nahodha wa ngalawa akamweleza sheria hizi kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe ya joshi na demani? Maneno tunayo, tena tunayo mazuri kuliko Kiingereza kibovu ambacho makocha hutumia, yamelala tu vinywani mwa wazee.

Na kuhusu heshima mbioni, kuna mtu lazima nimtaje, Ben Ainslie. Huyu ni Mwingereza, 2012 pale Weymouth alichukua dhahabu yake ya nne, moja ya Laser na tatu za Finn, ukiongeza na fedha ya 1996 akawa amempita Elvstrøm kwenye orodha ya mabaharia wa Olimpiki. Na aliyekuwa akimsumbua wiki nzima pale Weymouth ni Mdenmark, Jonas Høgh-Christensen, kama vile Elvstrøm alituma mtu alinde mlango. Ainslie ni mnyama. 1996 kule Savannah, kijana wa miaka 19, Mbrazil Robert Scheidt alivuka mstari mapema kwenye mbio ya mwisho, Ainslie akamfuata, wote wawili wakatolewa, na kwa hesabu dhahabu ikabaki ya Scheidt. Ainslie hakusahau. Sydney 2000 mbio ya mwisho yeye hakushindana na mtu mwengine yeyote, alimkalia Scheidt njiani tangu mwanzo, akamfunika upepo, akamzungusha, mpaka wote wako nyuma ya kundi huko, na kwa hesabu ile dhahabu ikawa yake. Alafu Perth, Disemba 2011, mbio za ubingwa wa dunia, boti ya waandishi ilimtilia mawimbi, akajitupa majini akaogelea akaipanda boti yao kugombana nao. Akafutiwa mbio mbili na ubingwa ukaenda zake.

Barazani waligawanyika. Wengi walisema Sydney ni ujanja halali, sheria yaruhusu, na Scheidt ndiye aliyemfunza. Mimi pia nasema halali. Ila Elvstrøm alikuwa na msimamo wake kwamba ukishinda na wenzako wakaacha kukuheshimu, hujashinda, na kumbukeni huyu ndiye yule mvulana aliyejitoa mwenyewe Torquay kwa kudhani amekosa njia. Hakuwa mpole kwa kukosa nguvu. Nikiulizwa ningependa mtoto afunzwe na nani mambo ya mbio, ntasema Elvstrøm asubuhi na Ainslie jioni, na wa jioni nimsimamie.

Wala msidhani Elvstrøm alikuwa chuma. Naples alishapata dhahabu kwa pointi kabla ya mbio ya mwisho, na mbio ile ya mwisho hakuanza, presha ilikuwa ishamlemea. Mtu ashinda Olimpiki nne na kila mara kile kitu chamla kwa ndani. Akarudi 1968 kwenye mashua za Star akawa wa nne, 1972 kwenye Soling akawa wa 13. Miaka hiyo pia akashinda ubingwa wa dunia kwenye madaraja kadhaa tofauti, vyombo vikubwa na vidogo, na tangu 1954 alikuwa na kiwanda chake cha kushona matanga, na jina lake liko mpaka leo kwenye kile kidude cha sakafuni cha kutoa maji. Hiki nakipenda. Sisi twakumba maji kwa kopo la Kimbo, mmoja ashika usukani mwengine akumba. Peke yako kwenye dingi huna wa kukumba, basi kuna kipenyo chini ya mashua chafunguliwa na mwendo wenyewe wa chombo wayavuta maji nje. Ukisimama maji hayatoki, yaweza hata kuingia. Ni fundi aliyeiona shida yake mwenyewe akaitatua kwa mkono wake, na nakuhakikishia ukishuka pale Mtongwe utapata vijana kumi wenye akili kama hiyo wanaotengeneza injini za boti kwa waya na sabuni.

Iliyowanyamazisha barazani haikuwa dhahabu hata moja. Nlipowaambia kwamba 1984, Olimpiki ya Los Angeles, Elvstrøm na miaka yake 56 alirudi, safari hii kwenye Tornado, ile yenye viwiliwili viwili, na mwenziwe kwenye chombo alikuwa binti yake, Trine. Baba na mwana wa kike, ukanda mmoja, upepo mmoja. Wakamaliza wa nne, wakaikosa shaba kidogo tu. 1988 wakarudi tena Korea, yeye ana 60, wakawa wa 15. Olimpiki nane kwa jumla, ya kwanza na ya mwisho zimeachana miaka 40. Kimya. Kila mmoja pale ana binti, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa binti yake kushika usukani, mimi nikiwemo kwenye hesabu ingawa binti sina. Watoto wa kiume twawatupa majini tangu wana miaka minne, wa kike twawaambia rudi utalowa. Alafu twashangaa Msumbiji, Bahari Hindi hii hii, Deizy Nhaquile afika Olimpiki ya Tokyo na Laser Radial, na wenziwe wawili wa kike kwenye mashua ya 470. Msumbiji si matajiri kutushinda. Watu walimwacha msichana alowe, ndo hivo tu.

Basi kwa sababu mdomo wangu ushanitia kwenye kesi, nilikwenda kwa fundi seremala wa mtaani nikamchorea benchi. Akaniuliza ni la msikiti? Nikamwambia ni la mateso. Aliniuzia mabaki ya mbao kwa bei ya rafiki, ukanda nikakata kwenye tyubu kuukuu, nikalipandisha sakafuni juu kwa dada yangu ambapo kuna nafasi na upepo wa matlai wapita. Nikakaa mimi kwanza, mtu mzima, mapaja nje, mikono kifuani. Sekunde 48, nikaanguka ubavu na kanzu yangu.

Mtoto wa dada yangu, miaka 12, alikuwa aanua nguo kwenye kamba, akaziacha, akasema mjomba hebu nijaribu. Akakaa dakika moja na nusu akicheka. Kesho yake alikaa mbili bila kucheka. Dada yangu amenipigia simu jana kulalamika kwamba mtoto anakwenda juu kila alasiri akitoka madrasa, ashuka ngazi kwa kushikilia ukuta kama bikizee, na kwamba eti ameandika na chaki kwenye ukuta wa tangi la maji, mstari kwa mstari, na ataka kujua nani atafuta. Nikamwuliza mstari wa mwisho wasemaje. Akapanda kwenda kutazama huku anigombeza. Dakika 3 na sekunde 40.